Usilolijua ni Usiku wa Giza

Mwaka 2017, watoto mjini Dhaka, Bangladesh, waliugua homa ya uti wa mgongo isiyojulikana chanzo, kwani vipimo vingi husaka tu kile ambacho daktari anakishuku. Baadaye Senjuti Saha na watafiti wenzake walisoma mpangilio wa jeni zote zilizomo katika maji ya uti wa mgongo, wakakuta virusi vya chikungunya: maradhi yaliyotambuliwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1952, yakapewa jina la Kimakonde! Uchunguzi huo ulifanyiwa California. Je, watoto wetu nao wangoje ng'ambo? Mitambo ya kusoma jeni ipo Kilifi na Nairobi. Yafaa huduma yake ifike wodi za watoto wachanga, nanyi walimu muwaandae wataalamu wa kuiendesha.