Je, Kuihurumia Nafsi Ni Kuridhia Dhambi?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, yuko mtu aliyetubia dhambi, akairudia, akatubia tena, akateleza tena. Mwisho hujiambia, "Mimi sina kheri," akaacha jamaa msikitini, akaona haya hata kunyanyua mikono kuomba dua. Je, aihurumie nafsi yake, au huko ni kuidekeza?

Kwanza, tuuchunge ulimi. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemkataza Muislamu kusema kuwa nafsi yake imekuwa khabithi. Amemfundisha atumie neno jengine, laqisat, lenye maana ya nafsi kuchafukwa. Maana zinakaribiana, lakini la kwanza ni tamko baya la kuihukumu nafsi. Basi tuseme "nimekosa"; tusiseme "mimi ni mbaya".

Pili, hata masahaba walipanda na kushuka. Imo katika Sahih Muslim kwamba Hanzala (R.A.), mmoja wa waandishi wa Mtume, alidhani amekuwa mnafiki. Alipokuwa mbele ya Mtume aliikumbuka Pepo na Moto kama anaviona. Akirudi kwa mke na watoto na shughuli zake, husahau mengi. Akamweleza Abubakar (R.A.), naye akakiri kuwa hali hiyo humkuta pia. Mtume (S.A.W.) hakuwakemea. Aliwafahamisha kuwa lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono njiani na vitandani mwao. Lakini mwanadamu ana saa hii na saa ile.

Tatu, kuhurumia si kuhalalisha. Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeletwa kwa kosa la ulevi zaidi ya mara moja, naye akapigwa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume (S.A.W.) alimkataza, kwa kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Tuangalie vyema: adhabu haikuondolewa, na heshima yake haikuondolewa pia. Yote mawili yalikaa pamoja.

Kwa hiyo jawabu letu ni kuwa kuihurumia nafsi kunajuzu, bali kunahitajika, madhali toba imesimama kwa masharti yake: kuiacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na kama ni haki ya mtu, kuirejesha. Aliyekula fedha za mwenzake hatoshelezwi na kujisamehe, azilipe. Na aliyerudia kosa baada ya toba ya kweli, atubie upya wala asichoke. Katika Surat Az-Zumar, aya ya 53, Allah anawakataza kukata tamaa waliojidhulumu nafsi zao, na bado anawaita waja Wake.

Nasi wazazi tujitazame. Mtoto akikosea hifdhi chuoni au akianguka mtihani skuli, tumrekebishe kosa lake, tusimwite "huna maana". Neno tunalomwambia leo ndilo atakalojiambia kesho akiteleza, na huenda likamzuia kurudi kwa Mola wake.

Tunamuomba Allah atukubalie toba zetu na azisafishe nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.