Mtu Asiyepika Katika Jiko la Hoteli

Mama akipika ugali na samaki nyumbani, hamwulizi mtu saa. Samaki wakikaribia kuiva, anainjika maji, anasonga. Vyote vinafika mbele ya watu vikiwa vya moto. Si vyungu ni vyake, na moto ni wake?

Sasa tuseme samaki anapikwa na mtu mmoja, ugali na mwingine, mchuzi na mwingine tena. Na wanaosubiri si watu sita wa nyumba moja. Ni watu 80, wamekaa kwenye meza 20, na kila mmoja ameagiza chake. Ndivyo lilivyo jiko la hoteli kubwa. Je, nani atasema, "Haya, songa sasa"?

Yupo mtu wa kazi hiyo. Sisi hapa tutamwita mwita-oda, kwa sababu oda ni yale maagizo ya mteja. Yeye hapiki hata yai. Wafaransa walimpa jina lenye maana ya "anayebweka", maana zamani alikuwa akipaza sauti jikoni kutwa nzima.

Tuone kazi hii ilikotoka. Zamani huko Ulaya, katika karamu za wakubwa, vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja. Vingine vilipoa kabla havijaguswa. Katika karne ya 19 ukaenea utaratibu uliotoka Urusi, wa kuleta vyakula kimoja baada ya kingine. Hapo wakati ukawa jambo kubwa.

Mwaka 1890 mpishi Mfaransa, Auguste Escoffier, alianza kazi katika hoteli ya Savoy, mjini London. Yeye aligawa wapishi katika mafungu: hawa wa nyama za kuchoma, wale wa michuzi, wengine wa mboga na mayai. Kilikuwepo chakula kimoja cha mayai, figo ya kondoo na mchuzi wa uyoga wa thamani. Mpishi mmoja peke yake alikitengeneza kwa kama dakika 15. Katika utaratibu wa Escoffier, mmoja alipika mayai, wa pili akachoma figo, wa tatu akaandaa mchuzi. Chakula kikawa tayari kwa dakika chache tu.

Lakini hebu fikirini. Watu watatu, sahani moja. Figo ikichelewa, mayai yanapoa. Kwa hiyo kadiri kazi ilivyogawanywa, ndivyo mwita-oda alivyozidi kuhitajika. Escoffier mwenyewe hakupenda makelele. Alitaka oda zitangazwe kwa utulivu. Nasi tunaona alikuwa na haki. Anayefokewa husikia ukali, hasikii oda.

Mwita-oda husimama kwenye meza iliyo kati ya wapishi na wahudumu. Mhudumu huleta karatasi ya oda, au siku hizi karatasi hutoka kwenye mashine. Tuseme meza moja wanataka nyama nene ya ng'ombe, samaki na saladi. Nyama inahitaji dakika 15, samaki dakika 7, saladi dakika 2. Mwita-oda anaisoma oda yote kwa sauti, na wapishi wanaitikia ili ajue wamesikia. Kisha anaamuru nyama ianze. Baada ya dakika 8 anamwita mpishi wa samaki. Dakika ya 13 anaita saladi. Vyote vitatu vinafika mbele yake kwa pamoja. Hiyo ni meza moja, na wakati huohuo ana karatasi nyingine kumi zimepangwa mbele yake.

Tena hakuna sahani inayotoka bila yeye kuitazama. Je, nyama imeiva kama alivyotaka mteja? Mchuzi umemwagika ukingoni? Anaufuta kwa kitambaa. Sahani isiyo sawa anairudisha, hata kama mpishi atanuna. Kazi hii haimfai mtu anayetaka kupendwa na wote.

Lakini kuna jambo zito kuliko chakula kupoa. Wako watu ambao miili yao haipatani na vyakula fulani. Mtu wa namna hiyo akila karanga kidogo tu, anaweza kuvimba koo, akashindwa kupumua, akafa. Nchini Uingereza, tangu Desemba 2014, hoteli zinatakiwa kisheria kuwaeleza wateja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14, kama vile karanga, maziwa, mayai, samaki na ufuta.

Mteja anamwambia mhudumu, mhudumu anaandika: "bila karanga". Ni maneno mawili tu, pengine yameandikwa ovyo pembeni mwa karatasi. Mwita-oda akiyaruka, mpishi hatayajua, maana macho yake yako kwenye kikaango. Kwa hiyo mwita-oda mzuri huyasoma kwa sauti, huyarudia, na humtaka mpishi naye ayatamke. Chakula hicho hupikwa kwa chombo safi, kwa kuwa hata mwiko uliogusa karanga unaweza kudhuru. Kisha, kabla sahani haijatoka, mwita-oda huishika ile karatasi na kuisoma tena.