Kutu Chini ya Kichwa cha Skrubu

Chuma ambacho madaktari wa mifupa hukitumia kuunga mfupa uliovunjika huitwa chuma kisichoshika kutu, na jina hilo limewafanya wengi waliowekewa vyuma miguuni waamini kwamba chuma hicho hakiwezi kulika. Kwa hakika hakina kinga ya asili, bali hulindwa na utando wa oksidi ya kromi, yaani kromi iliyoungana na oksijeni, ambao unene wake ni nanomita chache tu, maelfu ya mara chini ya unene wa unywele. Aina inayotumika sana, 316L, ambayo ndiyo iliyotengenezewa nondo za shirika la SIGN zinazotumiwa kuunga mifupa ya paja katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ina kromi asilimia 16 hadi 18, pamoja na nikeli, na molibdenamu asilimia 2 hadi 3 inayouimarisha utando huo.

Maji ya mwili ni ya chumvi, kama ladha ya machozi ulimini inavyoonyesha, nayo yana joto la nyuzi 37. Mkazi wa pwani aliyeona mabati yakiliwa na upepo wa bahari hahitaji kuelezwa zaidi. Kloridi iliyomo katika chumvi hiyo huutoboa utando palipo dhaifu, lakini mahali pa wazi oksijeni huuziba upesi. Hatari kubwa imo chini ya kichwa cha skrubu, kinapokutana na bamba la chuma linaloshikilia mfupa, kwa sababu maji yaliyonasa humo hayabadiliki na oksijeni yake huisha. Hapo chembe za chuma zinazoyeyuka huivuta kloridi na kuyafanya maji kuwa asidi, na asidi hiyo hukila chuma zaidi. Mgonjwa anapotembea, skrubu husuguana na bamba na kuukwangua utando unaojaribu kujijenga upya.

Ndiyo maana bamba likitolewa baada ya miaka huweza kuwa linang'aa juu kama jipya, ilhali ukingo wa tundu la skrubu una duara lililochakaa, lenye vishimo na doa la kahawia. Nikeli iliyotoka humo huweza kumdhuru mwenye mzio nayo, na kishimo kidogo huweza kuanzisha ufa unaolivunja bamba.

Hata hivyo, kumwogopesha mgonjwa si haki, kwa kuwa mifupa mingi huunga kwa miezi kadhaa, kabla ulikaji huo haujaleta madhara. Tena chuma chenyewe kimeboreshwa tangu zamani: mwaka 1912 daktari Mmarekani William Sherman alibuni mabamba ya chuma cha vanadi, yenye nguvu kuliko yaliyotangulia, lakini chuma hicho kiliachwa kwa sababu kililika mno mwilini. Chuma cha leo kinastahimili zaidi, mradi fundi wa chumba cha upasuaji asikikwaruze kwa koleo, asikikunje mara mbili mahali pamoja, wala asimwekee mgonjwa mwingine skrubu iliyokwisha kutumika.