Moyo wa Eriksen ulisimama uwanjani: Viwanja vyetu vijifunze nini?

Ilikuwa Jumamosi, Juni 12, 2021, katika Uwanja wa Parken jijini Copenhagen. Denmark ilikuwa ikicheza na Finland, mechi yake ya kwanza ya fainali za Mataifa ya Ulaya. Zikiwa zimebaki dakika chache kwenda mapumziko, mpira wa kurushwa ulielekezwa kwa kiungo wao mwenye jezi namba 10, Christian Eriksen. Alipiga hatua chache, mpira ukamgonga mguuni, naye akaanguka kifudifudi. Hakuna aliyemgusa.

Alikuwa na miaka 29, mwenye afya njema kwa kila aliyemtazama, na wiki chache nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa Italia akiwa na Inter Milan. Moyo wake ulisimama mbele ya maelfu ya mashabiki na mamilioni ya watazamaji wa televisheni.

Leo Eriksen yuko hai, na baada ya siku ile aliendelea kucheza soka la kulipwa. Kilichomwokoa kilifanyika palepale kwenye nyasi, kabla hajafika hospitali. Hilo ndilo linaloifanya habari yake ituhusu sisi ambao viwanja vyetu havina kamera wala gari la wagonjwa.

Kipaji kilichoanza mapema

Eriksen alizaliwa Februari 14, 1992, katika mji mdogo wa Middelfart nchini Denmark. Akiwa na miaka 16 alichukuliwa na Ajax ya Uholanzi, klabu yenye sifa ya kukuza vijana. Mwaka 2010 alikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini akiwa mchezaji mwenye umri mdogo kuliko wote katika michuano ile.

Akiwa Ajax alitwaa ubingwa wa ligi mara tatu, kisha mwaka 2013 akahamia Tottenham ya Uingereza. Huko alijulikana kwa pasi za mwisho na mipira ya adhabu, na alikuwa sehemu ya kikosi kilichofika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019. Januari 2020 alijiunga na Inter.

Kiungo ni mchezaji anayekimbia kuliko wengi uwanjani. Anapanda kushambulia, anarudi kukaba, na katika mechi moja huweza kumaliza kilomita 10 au zaidi. Moyo wa mtu wa namba hii umezoeshwa kazi ngumu kwa miaka mingi. Ndiyo maana wengi huuliza: iweje moyo imara namna hiyo usimame?

Hakuwa wa kwanza

Juni 26, 2003, kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alikuwa na miaka 28. Alifariki dunia siku hiyohiyo. Uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya msuli wa moyo kuwa mnene kupita kawaida.

Machi 17, 2012, ikawa zamu ya Fabrice Muamba, kiungo wa Bolton aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Uingereza. Alianguka kwenye uwanja wa Tottenham katika robo fainali ya Kombe la FA, akiwa na miaka 23. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Daktari bingwa wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuwa jukwaani kama shabiki, alishuka kusaidiana na madaktari wa timu. Muda wote huo kifua cha Muamba kiliendelea kugandamizwa, na mashine ya kushtua moyo ikatumika mara 15. Alipona, lakini Agosti mwaka huohuo alitangaza kustaafu soka.

Viungo watatu, matokeo matatu: mmoja alifariki, mmoja akapona na kuacha mpira, mmoja akapona na kurudi uwanjani.

Moyo kusimama si shambulio la moyo

Mara nyingi maneno haya mawili huchanganywa. Shambulio la moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba. Mgonjwa huweza kulalamika maumivu ya kifua, akatoka jasho jingi, lakini bado anazungumza na moyo wake bado unapiga.

Moyo kusimama ghafla ni hitilafu ya umeme. Moyo una mfumo wake wa umeme unaouamuru kupiga kwa mpangilio. Mfumo huo ukivurugika, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu. Ndani ya sekunde chache ubongo hukosa damu, mtu anaanguka na kupoteza fahamu. Baada ya dakika nne hadi sita, ubongo huanza kuharibika.

Wataalamu hukadiria kuwa kila dakika inayopita bila kifua kugandamizwa wala moyo kushtuliwa, uwezekano wa mtu kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: bajaji ikichukua dakika 15 kufika kituo cha afya, na njiani hakuna aliyefanya lolote, itakuwa imembeba marehemu.

Kwa vijana, hitilafu hii hutokana zaidi na magonjwa ya kurithi ya msuli au umeme wa moyo, maumbile yasiyo ya kawaida ya mishipa ya moyo, au uvimbe wa msuli wa moyo unaofuata maambukizi ya virusi. Katika ukanda wetu kuna pia ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Mazoezi hayaleti magonjwa haya, ila kasi ya mchezo huweza kuibua tatizo lililokuwa limejificha.

Kilichofanyika Parken

Mwamuzi Anthony Taylor alisimamisha mchezo mara moja na kuwaita madaktari. Nahodha Simon Kjær alikuwa miongoni mwa waliomfikia mwanzo. Daktari wa timu, Morten Boesen, alieleza baadaye kuwa alipofika alimkuta Eriksen amelazwa ubavu, anapumua na mapigo ya moyo yapo. Ghafla hali ikabadilika. Wakaanza kumgandamiza kifua, mashine ya kushtua moyo ikatumika mara moja, na moyo ukarudi kupiga.

Tuangalie jambo moja hapo. Mgonjwa alikuwa anapumua, kisha akaacha. Kama wangeridhika na hali ya mwanzo na kuanza kumtafutia machela, huenda tungekuwa tunaandika mengine. Walibaki naye wakimwangalia, na walipoona mabadiliko hawakusita.

Hospitalini Eriksen alipandikizwa kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, chenye waya unaofika kwenye moyo. Kifaa hicho husoma mapigo saa zote, na yakivurugika kwa namna ya hatari hutoa mshtuko wa umeme na kuyarudisha sawa. Ni sawa na kutembea na mashine ya Parken ndani ya mwili.

Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza akiwa na kifaa hicho, hivyo Desemba 2021 yeye na Inter waliachana. Uingereza haina katazo la jumla kama hilo. Huko uamuzi hutokana na vipimo na ushauri wa madaktari. Januari 2022 alisajiliwa na Brentford. Machi 26 aliingia akitokea benchi dhidi ya Uholanzi na kufunga bao ndani ya dakika mbili. Baadaye alichezea Manchester United, akaenda Kombe la Dunia Qatar, na Juni 16, 2024 akaifungia Denmark dhidi ya Slovenia, katika fainali zilezile za Ulaya ambazo miaka mitatu kabla nusura zimtoe uhai. Mwaka 2025 alijiunga na Wolfsburg ya Ujerumani.

Hii haina maana kwamba kila mwenye tatizo la moyo anaweza kurudi kucheza. Muamba hakurudi, na kwa wagonjwa wengi ushauri sahihi ni kuacha mchezo wa ushindani. Uamuzi huo ni wa daktari wa moyo akishirikiana na mgonjwa mwenyewe. Kocha au wakala hapaswi kuufanya.

‘Amemeza ulimi’

Sasa turudi kwenye viwanja vyetu vya vumbi, vya shule na vya michuano ya mtaani. Mchezaji akianguka bila kuguswa, tunachozoea kuona ni umati kumzunguka. Mmoja anammwagia maji, mwingine anampepea na jezi. Wengine wanapiga kelele kwamba amemeza ulimi, na wanahangaika kumfungua meno kwa vidole au kijiko.

Ulimi haumezwi. Unachoweza ni kulegea na kurudi nyuma, na hilo hurekebishwa kwa kuinua kidevu taratibu. Dakika zinazopotea katika kuvuta ulimi ndizo ambazo moyo ulizihitaji.

Wapo pia wanaodhani ni kifafa, kwa sababu moyo unaposimama mwili huweza kurusharusha mikono na miguu kwa muda mfupi. Wengine huona mtu anatweta kwa mbali au anakoroma wakadhani anapumua. Mtweto wa namna hiyo haupeleki hewa ya kutosha mwilini, na ni dalili ya moyo uliosimama.

Ufanye nini?

Kwanza, mchezaji akianguka bila kugongana na mtu, chukulia ni moyo hadi ithibitike vinginevyo. Mtikise mabega na umwite. Asipoitika na hapumui kawaida, usisubiri.

Pili, mtu mmoja apige simu na kutafuta usafiri, mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo kama ipo jirani. Mashine za kisasa hutoa maelekezo kwa sauti, na haziruhusu umeme kupita kama moyo hauhitaji kushtuliwa.

Tatu, mlaze chali mahali pagumu. Piga magoti pembeni yake, weka kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono. Gandamiza kwa nguvu hadi kifua kiingie ndani sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kirudi juu. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kwa kila sekunde.

Nne, usiache. Ukichoka, mwenzako apokee baada ya dakika mbili. Kama hujafunzwa kumpulizia mgonjwa hewa mdomoni, gandamiza kifua tu, inatosha kuanzia. Usiogope kumvunja mbavu, mbavu hupona.

Kama amezimia lakini anapumua vizuri, mlaze ubavu, na usimwondolee macho.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Eriksen alipimwa moyo mara kwa mara akiwa Tottenham, na profesa Sanjay Sharma aliyemfanyia vipimo alisema havikuwa na tatizo. Kwa hiyo kipimo hakizuii kila janga. Hata hivyo, wapo wengi ambao mwili wao ulitoa taarifa mapema, na hakuna aliyesikiliza.

Mchezaji amwone daktari kabla ya kuendelea na mazoezi iwapo amewahi kuzimia akiwa anakimbia, anapata maumivu ya kifua anapocheza, anaishiwa pumzi kuliko wenzake, au anahisi moyo ukienda mbio bila mpangilio. Vilevile kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mara nyingi vifo hivyo kwetu husimuliwa kuwa ni vya kurogwa, na wadogo zake marehemu hawapelekwi kupimwa.

Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, huchukua dakika chache na hakina maumivu. Kikionyesha shaka, daktari huagiza kipimo cha picha ya moyo. Kwa Tanzania, huduma za kibingwa zinapatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam.

Na mwenye homa asicheze. Kijana anayemeza dawa ya kutuliza homa ili asikose mechi ya Jumapili anaweza kuwa na maambukizi yaliyofika kwenye msuli wa moyo.

Kabla ya mechi ijayo

Klabu ndogo haiwezi kununua kila kitu kwa siku moja, lakini kujifunza kugandamiza kifua hakuhitaji bajeti kubwa. Mhudumu wa afya wa kata anaweza kuwafundisha wachezaji na viongozi kwa saa moja.

Kabla ya filimbi ya kuanza, kocha ajibu maswali matatu: nani hapa anajua kugandamiza kifua, gari gani litatumika, na hospitali ipi iko karibu? Akikosa jibu la swali la kwanza, hilo ndilo zoezi la wiki hii.