Wapangaji Watatu wa Tangi Moja

Leo hakuna sungura wala fisi, watoto wazuri. Hadithi yetu ina wahusika watatu, wote wanakaa kwenye tangi moja la kioo, na mmoja wao hamtamwona hata mkiazima miwani ya babu.

Wa kwanza ni uduvi mwekundu. Si yule wa baharini mnayemjua, anayeanikwa juani na kupimwa kwa kopo sokoni. Huyu ni wa maji yasiyo na chumvi, kwao ni vijito vya China na Taiwan, na akishakua kabisa hazidi sentimita 3 hivi. Kule mtoni ana rangi ya kahawia iliyopauka, samaki apite bila kumwona. Wekundu alipewa na wafugaji: kila kizazi walichagua wenye dalili ya wekundu wakawazalisha wao kwa wao, hadi akatokea huyu aliye mwekundu pyu.

Wa pili ni pothosi, ule mmea unaotambaa ambao akina mama huuweka juu ya kabati la sebuleni ukashuka wenyewe hadi sakafuni. Asili yake ni mbali: kisiwa cha Moorea, jirani na Tahiti, katika Bahari ya Pasifiki. Kwenye hadithi yetu majani yake yako nje, hewani. Mizizi tu ndiyo iliyo majini.

Wa tatu ngojeni kwanza. Sikilizeni shida ilivyoanza.

Uduvi hula kutwa kucha, na mwili unaokula lazima utoe taka. Taka yake mbaya kuliko zote wala haionekani: ni amonia, inayotokea kwenye matamvua yake na kuyeyuka majini. Mtoni hilo si neno, maji huichukua yakaenda nayo. Tangini itakwenda wapi? Inabaki palepale, inaongezeka, na uduvi anajikuta akiogelea ndani ya sumu aliyoitoa mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia yule wa tatu: bakteria. Kundi moja, Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti. Msishangilie bado, nitriti nayo inaua. Kundi jingine, Nitrospira, huichukua nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo uduvi huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa hukaa kwenye changarawe, kwenye sponji ya kichujio, kwenye kioo na kwenye mizizi. Lakini huzaana taratibu. Tangi jipya lenye maji yanayometameta bado halina wa kutosha. Mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6, huku ukidondosha chembe za chakula cha samaki zioze na kuwalisha. Watu wazima wengi hawawezi kungoja. Hununua tangi na uduvi siku moja, wakifa wanamlaumu muuza uduvi.

Haya, nitrati nayo inajaa polepole. Nani ataiondoa? Mwenye tangi hupunguza maji na kuongeza mengine, na pothosi humsaidia kwa sababu nitrati kwake ni mbolea. Hata amonia huifyonza. Mnaweza kuuliza: mimea ya majini haifanyi hivyo hivyo? Inafanya, ila mingi hukua polepole, kwa kuwa hewa ya kaboni dioksidi hupenya majini kwa taabu sana. Pothosi ameweka majani nje, anaichota hewani anavyotaka. Mmea unaokua haraka hula sana.

Ukitaka kujaribu, kata tawi chini kidogo ya kifundo, pale penye kinundu cha kahawia. Mzizi utachipukia hapo. Paache palipokatwa pakauke saa chache, kwa sababu utomvu wa pothosi una vijisindano vya kalsiamu oksaleti vinavyowasha vibaya. Nawa mikono, na majani usiyatie mdomoni wala kumwachia paka ayatafune. Kisha ning'iniza tawi ukingoni mwa tangi, kifundo majini, majani juu. Usiung'oe mmea wa kwenye chungu na kuutumbukiza na udongo wake; mbolea na dawa zilizomo, hasa zenye shaba, zitawamaliza uduvi. Maji ya bomba yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi, klorini itoke. Na ile dawa ya mbu ya kupuliza, isikaribie chumba hicho! Uduvi na wadudu ni ndugu wa mbali. Kinachomuua mbu kinamuua na yeye.

Mizizi ikishateremka, lete kiti ukae. Utamwona uduvi ameukumbatia mmoja. Ncha za makucha yake ya mbele zina vinyweleo kama brashi, na anapangusa nazo kulia, kushoto, kulia, kila mpanguso unakwenda mdomoni. Hali mzizi wenyewe. Anakula utelezi uliouzunguka, wenye vijidudu na vijimea vidogo mno. Akiwa jike mwenye mayai, utayaona 20 au 30 yamebebwa chini ya tumbo, anayapepea kwa vijiguu vya kuogelea. Baada ya wiki 3 au 4 wanatoka watoto wa milimita 2, uduvi kamili tayari, na mara moja wanajificha katikati ya mizizi.

Walio kandokando ya Ziwa Viktoria wana picha kubwa ya jambo hili. Gugu maji, lililotoka Amerika Kusini, linaelea huku mizizi yake imening'inia, na ndani yake wanajificha uduvi wa ziwani, Caridina nilotica, ambao sangara wadogo huwapenda sana. Ila gugu hilo msilibebe nyumbani. Likishafika bwawa la jirani, halitoki.

Siku moja utakuta uduvi mweupe, mtupu, amelala chini. Usilie kabla ya kuhesabu: huenda amejivua gamba tu, mwenyewe yuko nyuma ya mzizi akingoja jipya ligande. Lile la zamani liache humo. Wenzake watalila, maana lina kalsiamu.