Ukarabati wa Mfumo wa Faili Ulioharibika (2): Nakala Kwanza, Tiba Baadaye

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilieleza jinsi diski inavyogawanywa katika bloku, yaani vipande vya nafasi ambavyo katika ext4, mfumo wa faili unaotumiwa na kompyuta nyingi za Linux, kwa kawaida huwa na baiti 4,096 kila kimoja. Sehemu hii inahusu kompyuta inayokataa kuwaka kwa sababu kumbukumbu za bloku hizo zimevurugika.

Maelezo makuu ya mfumo, kama vile ukubwa wa bloku na idadi yake, huhifadhiwa katika bloku kuu, ambayo isiposomeka kiini cha Linux hushindwa kuutambua mfumo mzima na uwashaji hukwama. Tangu ext2, iliyobuniwa mwaka 1993 na Rémy Card na wenzake, nakala za bloku kuu husambazwa mahali mbalimbali kwenye diski, na pale bloku zinapokuwa za baiti 4,096, nakala ya kwanza huwa kwenye bloku namba 32,768. Fundi huwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kisha huielekeza programu ya ukaguzi, e2fsck, kwenye nakala hiyo kwa amri «e2fsck -b 32768 /dev/sda1», ambapo maneno ya mwisho ni jina la sehemu ya diski inayohusika.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa kuwa wengi huidhania e2fsck kuwa mwokozi wa faili, ilhali kazi yake ni kurudisha upatanifu, yaani kuhakikisha kwamba kumbukumbu zote za diski zinakubaliana. Kumbukumbu mbili zikipingana, programu hufuta au hubadilisha ile inayoonekana kuwa na kasoro, hata kama ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuifikia barua au picha ya mwenye kompyuta. Kwa hiyo diski yenye data isiyo na nakala kwingineko haistahili kukarabatiwa kabla haijanakiliwa yote, bloku kwa bloku, kwenye diski nyingine, na ikiwa inasomeka kwa shida, programu ya ddrescue hufaa zaidi kwa sababu huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi na kuyarudia baadaye maeneo sugu. Ukarabati hufanywa juu ya nakala, kamwe si juu ya mfumo unaotumika wakati huohuo, na chaguo la «-n», linalokagua bila kubadilisha chochote, hutangulia lile la «-y», linaloafiki kila marekebisho bila kuuliza.

Daftari la mabadiliko, lililoingia Linux pamoja na ext3 mwaka 2001, limepunguza sana madhara ya umeme kukatika ghafla, kwani mabadiliko ya kumbukumbu huandikwa humo kabla ya kupelekwa mahali pake. Hata hivyo, haliwezi kuiponya diski inayokufa.

Ukaguzi ukimalizika, faili zilizopoteza majina huwekwa katika folda ya lost+found zikiwa na namba tu. Zisifutwe kwa haraka, kwa sababu amri ya «file» huchunguza yaliyomo na kutaja aina ya kila moja, na hati ya PDF, kwa mfano, hujulikana kwa alama «%PDF» iliyo mwanzoni mwake.