Ukifilisika, Mdhamini Wako Je?

Notisi ya dalali huorodhesha kila kitu: makochi, runinga, friji, hata meza ya kahawa. Mwenye deni ana siku 7 za kulipa kabla lori halijafika. Nchini Kenya, wengi wakiipokea hukimbilia kwa shailoki au mikopo ya simu, wakalipa deni kwa deni. Ni nadra kumsikia mtu akienda Mahakama Kuu.

Ilhali Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamruhusu mdaiwa aende mwenyewe kuomba atangazwe mufilisi. Anaweka wazi mali yake, madeni yake na wote wanaomdai. Mahakama ikikubali, mali inakabidhiwa msimamizi, na wadai wanapeleka madai yao kwake badala ya kugombania friji. Hawawezi tena kumwandama mmoja mmoja kwa kesi, wala kumtishia jela ya madeni, ambayo huweza kufika miezi 6.

Hanyang'anywi kila kitu. Fundi cherehani hubaki na cherehani yake, na nyumba hubaki na vyombo vya lazima. Baada ya miaka 3, kama hakuna pingamizi, madeni mengi yanafutwa. Deni la ulaghai halifutiki, na benki yenye rehani ya shamba bado inaweza kuliuza. Ubunge nao asahau kwa muda: Katiba inamzuia.

Hayo yanavumilika. Kinachouma ni wadhamini, kwa kuwa kufutiwa deni kwa mkopaji hakumwachilii aliyemdhamini. Chukua mwalimu aliyekopa kwenye sacco, wenzake watatu wakamtilia saini. Siku anapopata kinga, sacco inageukia akiba za wale watatu, na kesho asubuhi wote wanne wanakunywa chai kwenye meza moja katika chumba cha walimu. Hakuna agizo la mahakama linalomkinga na meza hiyo.

Kwa mwenye mshahara, basi, naona afadhali njia nyingine iliyo katika sheria hiyohiyo: kuomba agizo la muda linalowazuia wadai, kisha kuwapelekea mpango wa kulipa kidogokidogo. Wakiukubali, makato yanaendelea kutoka kwenye mshahara wake, na sacco haina haraka ya kugusa akiba za wenzake.